Kitenge cha Mholanzi, Mkato wa Kiingereza: Yinka Shonibare katika Picha, Filamu na Maleba



Leo nataka tumzungumze msanii mmoja ambaye wengi wetu tunaoishi huku tumepishana na kazi zake bila ya kujua ni za nani. Aliyepita Trafalgar Square mjini London kati ya 2010 na 2012 atakumbuka meli kubwa iliyotiwa ndani ya chupa, meli ya Admirali Nelson, matanga yake 37 yote yameshonwa kwa kitambaa cha maua na madoido ambacho kwetu mtu angekiita kitenge bila ya kufikiri mara mbili. Chupa ile sasa iko Greenwich, nje ya makumbusho ya mambo ya bahari. Mwenyewe ni Yinka Shonibare, mzaliwa wa London wa 1962, wazee wake Wanaijeria. Alichukuliwa Lagos akiwa na miaka mitatu, akarejea Uingereza na miaka 17 kumalizia skuli, na hajaondoka tena isipokuwa kwa safari.

Vitabu vya sanaa humweka fungu la wachongaji, na waandishi wa magazeti humwita "msanii wa kitambaa". Mie nitadai jambo jengine, na nyinyi mtanipinga mkitaka. Nadai kuwa Shonibare kwanza kabisa ni mtu wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, nguo anayovaa mtu ili awe mtu mwengine mbele ya watu. Amepiga picha, ametengeneza filamu, amesimamisha masanamu, lakini kote huko kazi inaanzia kwenye mshono. Na nadai zaidi: anapomvisha mtu anayepumua, kazi yake inafika mbali sana. Anapovisha sanamu la plastiki, mara nyingi anatuuzia bidhaa.

Nianze na swali aliloulizwa, manake bila ya swali hilo hatumfahamu.

Shonibare alisomea Byam Shaw School of Art miaka ya themanini, kisha akenda Goldsmiths akamaliza 1991. Mwanzoni kabisa mwa masomo, akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, alipatwa na maradhi ya uti wa mgongo yaliyompoozesha. Alijifunza upya kutumia mwili wake, upande mmoja ukabaki dhaifu, na mpaka leo kazi nyingi anazifanya kwa mikono ya mafundi wengine. Pale Byam Shaw alikuwa akifanya kazi kuhusu mageuzi ya Urusi ya Gorbachev, perestroika, jambo lililokuwa likizungumzwa dunia nzima. Mwalimu wake akamuuliza: wewe ni mtu wa asili ya Kiafrika, mbona hufanyi sanaa ya Kiafrika khasa, ya asili?

Sasa ndugu zangu, nani kati yetu hajaulizwa swali hilo kwa sura moja au nyengine? Mie nimeshawasilisha mada kuhusu mwandishi wa Kiingereza wa karne ya 18, nikauzwa baada ya mazungumzo, kwa upole kabisa, kama sina kitu kuhusu methali. Aliyeuliza alikuwa mtu mwema. Ndo tabu yenyewe ya swali hili, linatoka kwa watu wema. Mwarabu wa Kiingereza anaweza kuandika juu ya Wachina, Mwingereza juu yetu sisi, lakini sisi tunatakiwa tuje na kikapu chetu cha vitu vya nyumbani, tukifungue, watu waone.

Shonibare hakumjibu mwalimu kwa hasira. Alikwenda soko la Brixton, kusini ya London, kwenye maduka ya vitambaa vya Kiafrika, akanunua. Na hapo akaujua mkasa wa nguo ile. Asili yake ni batiki ya Java, inayochorwa kwa nta na kutiwa rangi kwa mkono. Waholanzi, waliokuwa wakitawala visiwa vile, katika karne ya 19 wakataka kuitengeneza kwa mashine na kuiuza kwa bei ya chini. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianzishwa 1846 na bado ipo. Wajava hawakuichangamkia sana batiki ya mashine, lakini Afrika Magharibi waliipokea kwa mikono miwili. Viwanda vya Manchester navyo vikaingia biashara hiyo. Kufika wakati wa uhuru, nguo ya Mholanzi iliyoiga ya Mjava imekuwa vazi la heshima la Mwafrika. Basi Shonibare akasema, mwataka Uafrika wa asili? Huu hapa, umetoka Uholanzi, nimeununua Brixton.

Jibu zuri, tena la kuchekesha. Kwa miaka thalathini sasa wahakiki wa Ulaya na Marekani wanalirudia kila wanapoandika juu yake, na kila mara wanalieleza kama siri iliyofichuliwa leo asubuhi.

Lakini hebu tulipime jibu hili kwa mizani ya pwani yetu. Je, sisi tunashtuka? Kitambaa cheupe cha pamba kilichovaliwa bara na pwani karne ya 19 tulikiita merikani, kwa sababu kilitoka kwenye viwanda vya Massachusetts na kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Jina tu linakwambia. Leso, jina lake lina asili ya Kireno. Kanga zimepigwa chapa Uholanzi, Uingereza, Bara Hindi, Japani, na Mombasa ni mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi, Kaderdina Hajee Essak, anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeeneza desturi ya kuzitia maneno. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968, kilijengwa kwa msaada wa Wachina. Sijapata kusikia bibi aliyekosa usingizi kwa kuwa leso yake imetoka Manchester. Kilichomshughulisha ni doti ina jina gani, na nani atalisoma akipita.

Kwa hiyo kwa msomaji wa Kiswahili, ule mshtuko ambao kazi za Shonibare zinautegemea haupo. Mshtuko huo ni wa yule aliyeamini kuwa kuna Mwafrika safi mahali fulani, amekaa chini ya mti amevaa nguo safi ya Kiafrika. Sisi hatukuamini hivyo, tulikuwa na bandari. Basi swali langu la uhakiki ni hili: ukishauondoa mshtuko, kinabaki nini? Kama hakibaki kitu, msanii huyu ni mchekeshaji wa mzaha mmoja. Mie nasema kinabaki, na kinachobaki kipo kwenye mkato, kipo kwa fundi cherehani.

Tuanze na picha zake. Mwaka 1998 Shonibare alitoa mfululizo wa picha tano kubwa uitwao Diary of a Victorian Dandy, yaani shajara ya mtanashati wa zama za Malkia Victoria. Picha zinafuata saa za siku moja ya bwana huyo. Saa tano ya asubuhi ndo kwanza yuko kitandani, watumishi wamemzunguka. Mchana yumo maktabani na mabwana wenziwe wanaomshangilia. Jioni yuko kwenye mchezo wa biliadi, usiku kwenye burudani, na saa tisa ya usiku wa manane yuko mahali ambapo mzee wa heshima hatakiwi kuonekana. Mpango wenyewe ameuchukua kwa Hogarth, mchoraji wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyechora maisha ya kijana mpotevu hatua kwa hatua. Bwana mwenyewe ni Shonibare, mtu mweusi peke yake katika picha zote tano, na Wazungu wote, mabwana kwa watumishi, wanamtazama yeye.

Angalieni jambo ambalo wanaomwita "msanii wa kitambaa" hulisahau. Katika picha hizi hamna hata kipande cha kitenge. Koti ni la Kiingereza, kizibao cha Kiingereza, tai ya Kiingereza, yote ya zama zile. Kinachofanya kazi ni maleba peke yake na namna anavyoyabeba. Picha zenyewe zilibandikwa kama matangazo kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za London. Basi mtu anakwenda zake kazini, amezowea tangazo la sabuni, anakutana na bwana mweusi wa zama za Victoria asiyemwomba radhi mtu. Kila kitu katika picha ni kweli, nyumba ya kweli, fanicha ya kweli, nguo imeshonwa sawasawa. Uongo ni mmoja tu, na mtazamaji inambidi ajiulize kwa nini anauona uongo.

Sisi tuna mfano wetu wa jambo hili, na ni mkubwa kuliko wa Shonibare kwa sababu haukufanywa kwa ajili ya ukumbi wa sanaa. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja ilitolewa 1897. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja, ameonesha jinsi wanawake waliokuwa watumwa, waliozowea merikani chakavu na kaniki, walivyoanza kuvaa kanga, na baadaye wengine buibui ambalo zamani lilikuwa vazi la mabibi wenye hadhi. Hawakungoja mtu awape cheti cha uungwana. Walikivaa. Nguo ilitangulia, sheria na majirani wakafuata taratibu, wengine wakinung'unika. Mtanashati wa Shonibare ni ndugu yao wa mbali. Tofauti ni kuwa yeye akimaliza kupigwa picha anavua, na wao walirudi nazo nyumbani.

Mwaka 2001 akarudi kwenye picha kwa mfululizo wa Dorian Gray. Hapa hakukiendea kitabu cha Oscar Wilde moja kwa moja, aliiendea filamu ya Hollywood ya 1945 iliyotokana na kitabu hicho. Picha kumi na mbili zinafuata mandhari za filamu ile, nyeusi na nyeupe, isipokuwa moja yenye rangi, pale Dorian anapokutana na uso wake ulioharibika. Ile filamu nayo ilikuwa nyeusi na nyeupe na ikatia rangi ilipoonesha ile picha ya kuchora, kwa hiyo Shonibare anacheza na ufundi wa sinema ndani ya picha iliyosimama. Kijana mzuri asiyezeeka anachezwa na mtu mweusi ambaye sote tunajua mwili wake una kasoro aliyoachiwa na maradhi. Hasemi neno juu ya ulemavu wake, hana haja. Amevaa, amesimama, anajitazama. Kwangu mie hii ni kati ya kazi zake zenye ujasiri mkubwa, na inatajwa kidogo mno.

Sasa tuje kwenye masanamu, manake ndiyo yaliyompa jina. Namna yake mnaijua: mwili wa sanamu la dukani, nguo za karne ya 18 au 19 zenye mkato wa Ulaya, kitambaa ni kile cha Brixton, na kichwa hakuna. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kuwa kichwa kimeondoka kwa mzaha wa mapinduzi ya Ufaransa, pale mabwana walipopelekwa kukatwa shingo. The Swing ya 2001, iliyoko Tate, inamchukua yule bibi wa mchoraji Fragonard anayebembea na kurusha kiatu. Katika mchoro wa 1767 kuna kijana amejificha kichakani anamchungulia. Shonibare amemwondoa kijana, na mahali pake unajikuta umesimama wewe mtazamaji. Ukitazama vizuri kitambaa utaona kimepigwa alama ya Chanel, kwa hiyo unachungulia bei pia. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya Documenta 11 huko Kassel, Ujerumani, yaliyoongozwa na marehemu Okwui Enwezor, alileta mabwana na mabibi wa karne ya 18 walio safarini kutembelea Ulaya kwa ajili ya elimu, wakifanya mambo ambayo sitayaeleza hapa kwa kuwa najua wengine mnasoma na watoto karibu.

Kilele cha masanamu, kwa maoni yangu, ni Scramble for Africa ya 2003. Wanaume kumi na wanne wasio na vichwa wamekaa kuzunguka meza, na juu ya meza pamechorwa ramani ya Afrika. Ni mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Wanabishana kwa mikono. Hapa kukosa kichwa kuna maana, manake waliokata nchi zile hawakuwa na uso mbele ya waliokatiwa. Seyyid Barghash hakukaa kwenye meza ile, na 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wao kwa wao kuwa pwani yake ina upana wa maili kumi tu. Kiswahili kinatusaidia kuisoma kazi hii kuliko Kiingereza, kwa sababu sisi husema kukata nguo, na kukata ardhi vilevile. Wale ni mafundi cherehani. Wamevaa kitambaa cha bara wanalolikata, na mkasi wanao.

Lau angeishia hapo ningesema amekamilisha. Lakini wapi. Tangu hapo masanamu yasiyo na kichwa yamezaliana. Yapo yanayopanda baiskeli za zamani, yapo yanayowinda, yapo ya watoto, na baadaye baadhi yao yameota tufe la dunia mahali pa kichwa. Kila moja limeshonwa kwa ustadi, sitaki kumdhulumu fundi. Ila mtu akiingia kwenye jumba la makumbusho la mji wowote mkubwa anaweza kusema "aa, huyo ni Shonibare" kutoka mlangoni, akapita bila ya kusimama. Alama ya msanii imekuwa kama ile alama ya Chanel kwenye gauni la The Swing, isipokuwa safari hii hatucheki.

Na hapa ndipo pana jambo linaloniuma. Yule mwalimu alitaka kitu cha Kiafrika. Shonibare alimpa kwa kejeli, akimwonesha kuwa alichokiomba hakipo. Lakini soko halinunui kejeli, linanunua kitambaa. Tajiri anayelinunua sanamu lile anaweza kabisa kuliweka sebuleni akawaambia wageni wake, tazameni rangi za Afrika. Kwa tajiri huyo mwalimu ameshinda. Msanii mwerevu aliyekataa kufungua kikapu ameishia kuulizwa kikapu kilekile mwaka hadi mwaka, na yeye anakileta.

Kuna upungufu wa pili, nao sijauona ukitajwa na wahakiki wa huku. Nguo kwa wenyewe ina jina. Kanga bila ya jina ni shuka. Mwanamke huinunua kwa maneno yake, huivaa siku maalumu, mbele ya mtu maalumu, naye mlengwa anajua kuwa amesemwa na hawezi kulalamika, manake atamshtaki nani, kitambaa? Afrika Magharibi nako, nguo hizi za nta zilipewa majina sokoni na wafanyabiashara wanawake. Wale wa Lomé waliotajirika mpaka wakaitwa Nana Benz, kwa magari waliyoendesha, walijua kuwa jina zuri ndilo linalouza. Jina huwa methali, kisa cha wake wenza, au kijembe kwa mume. Yaani kuanzia Mombasa mpaka Lomé wanawake wameichukua nguo ya mgeni wakaifundisha kusema. Shonibare kaikata vizuri, kaishona vizuri, lakini kaichagua kwa rangi na kwa pasipoti yake. Ameeleza ilikotoka, hakueleza inasema nini. Kwenye masanamu yake nguo imefanywa bubu, na mvaaji hana kichwa cha kusemea. Wakati mwengine nikisimama mbele yake nahisi wale wanawake wa sokoni wametolewa kwenye hadithi kabisa, wamebaki Mholanzi, Mjava na bwana wa Kiingereza.

Atakuja mtu aniambie, Profesa unamwonea, yeye anazungumzia Ulaya, hakuahidi kuandika historia ya wanawake wa Lomé. Sawa. Msanii ana haki ya kuchagua mada yake, nami ndo kwanza nimelalamikia wanaotupangia mada. Lakini ukitumia nguo ya mtu miaka thalathini, sidhani ni makosa mtu kukuuliza jina lake.

Sasa nije kwenye filamu, na hapa nabadilisha sauti kabisa.

Mwaka 2004, mwaka aliokuwemo kwenye orodha fupi ya Turner Prize, Shonibare alitoa filamu yake ya kwanza, Un Ballo in Maschera, dansa la vinyago. Kisa ni cha mfalme Gustav III wa Sweden, aliyepigwa risasi kwenye dansa la namna hiyo 1792. Verdi aliutungia opera mkasa huu, na wakaguzi wa Italia wakakataa mfalme auliwe jukwaani, kwa hiyo ilipofunguliwa 1859 kisa kikahamishiwa Boston, mfalme akawa gavana. Yaani hata kabla ya Shonibare kisa hiki kilikuwa kimeshabadilishwa nguo mara moja. Filamu ina dakika kama 32. Hamna mazungumzo, hamna muziki hata. Wanacheza dansa kwa mavazi ya kifalme ya kitambaa kile kile, vinyago usoni, na unachosikia ni pumzi zao, nyayo zao, na nguo ikikwaruzana na nguo. Mfalme anachezwa na mwanamke. Anapigwa risasi, anaanguka. Kisha anainuka, na dansa linaanza upya, na unajua kuwa atapigwa tena.

Kwa nini hii inanishika na masanamu hayanishiki? Kwa sababu hapa nguo ina uzito. Yule mtu ndani ya gauni anatoka jasho. Sketi imetuna, ikimzungusha inachelewa kidogo kufika, kiuno kimebanwa na pumzi inasikika kuwa imebanwa. Kitambaa ambacho kwenye sanamu kilikuwa ishara tu, hapa kimerudi kuwa nguo, na nguo ina sauti yake hata kama hatujaambiwa jina. Na ule mzunguko wa mauaji, mfalme kufa na kufufuka, unasema jambo juu ya madaraka ambalo watu wa nchi zetu hawahitaji kutafsiriwa. Anaanguka mmoja, nguo zile zile, dansa lile lile.

Mwaka uliofuata akatoa Odile and Odette, iliyotokana na ile dansa ya Swan Lake. Kwenye jukwaa la kawaida mchezaji mmoja hucheza wote wawili, mwema na mwovu, mweupe na mweusi kwa nguo. Shonibare ameweka wachezaji wawili, mmoja mweusi wa ngozi, mmoja mweupe, wamevaa sawasawa, katikati yao fremu kubwa ya dhahabu isiyo na kioo. Kila mmoja ni kivuli cha mwenziwe, na huwezi kusema yupi ndiye mtu na yupi kivuli. Hasemi yupi mwema. Dakika chache, nguo mbili, fremu moja, na amesema kuhusu rangi ya ngozi mambo ambayo mikutano yetu ya siku tatu haiyamalizi. Tena 2011, katika Addio del Passato, mwimbaji mweusi ndani ya gauni la kitambaa hicho ni mke wa Nelson aliyeachwa, anaimba wimbo wa kuaga kutoka La Traviata ya Verdi. Hapa kichwa kipo, mdomo upo wazi, na huzuni ni ya mwanamke mmoja. Ndo kile nilichokuwa nakililia kwenye masanamu: nguo imepata msemaji.

Basi ukiipanga kazi yake yote hivi, unaona njia mbili. Moja inakwenda kwenye picha za 1998 na 2001 na filamu za 2004 mpaka 2011, njia ya mtu aliyevaa. Nyengine inakwenda kwenye masanamu, njia ya nguo iliyotundikwa. Ya pili ndiyo iliyolipa. Ya kwanza ndiyo nitakayowasomesha wanafunzi wangu.

Wapo watakaouliza juu ya vyeo. Alipewa MBE 2004 na CBE 2019, na amezoea kuviweka kwenye jina lake la kazi. Wengine wanaona ni kusaliti, kuchukua nishani ya dola aliyoikejeli kwa maisha yake yote. Mie naona ni mchezo ule ule wa mtanashati, kuvaa cheo kama koti na kumwacha mtazamaji ajiulize kwa nini kinamshangaza. Lakini mchezo wa namna hii una hatari yake. Nguo ukiivaa sana inakukaa, na siku moja hakuna anayejua tena kuwa uliivaa kwa mzaha. Kwa haki yake niseme pia kuwa hakubaki kujivisha peke yake. Mwaka 2022 alifungua Lagos nyumba ya wageni wasanii, pamoja na shamba huko Ijebu, watu waje kufanya kazi zao bila ya kuulizwa lile swali la mwalimu. Na katika banda la Naijeria kwenye maonyesho ya Venice ya 2024 alileta kazi kuhusu hazina za Benin zilizoporwa 1897. Mwaka ule ule wa amri yetu ya Unguja. Wengine walikuwa wakivuliwa vyao, wengine ndo kwanza wanavaa.

Nimewaleta huku kwa sababu jambo hili si la Shonibare peke yake. Kila mwaka vyuo tunavyosomesha vinafanya siku ya tamaduni, na tunaombwa kwa upole tuje na kanzu na kofia, kina mama waje na kanga. Tunakwenda, na mie nakwenda. Sisemi tusivae, kanzu ni nguo yangu na siivai kwa ajili ya mtu. Nasema tujiulize kila mara, ndani ya nguo ile yumo mtu anayesema, au tumesimama pale rangi zetu zikipigwa picha na kichwa hakuna? Shonibare ametuonesha yote mawili kwa ustadi mkubwa, mara nyengine akijua na mara nyengine, naogopa, bila ya kujua. Anayepata nafasi aitafute ile filamu ya dansa aitazame mpaka mwisho, asifunge pale mfalme anapoanguka mara ya kwanza.

Naomba kuwasilisha, na wajuzi wa mambo ya nguo, khasa kina mama, nawangoja mnikosoe.